Vyama vya siri vya Yale, Harvard na Oxford: yanayosemwa na yaliyopo

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, ile picha ya fuvu na mifupa miwili hurudi mitandaoni, na chini yake maneno yale yale: hawa ndio wanaopanga nani atawale. Skull and Bones (yaani Fuvu na Mifupa), chama cha siri kilichoanzishwa 1832 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, kimetwishwa lawama za kila aina, kuanzia vita hadi kuporomoka kwa benki. Mengi ya hayo hayana msingi. Ninachokerwa nacho zaidi ni kwamba hadithi hizi za kutisha zinafunika mambo mazito yaliyo wazi kabisa, ambayo yangestahili hasira yetu.

“Ni serikali iliyojificha”

Dhana hii imeanzia kwenye jambo la kweli. Marais watatu wa Marekani walipita Skull and Bones: William Howard Taft, ambaye baba yake Alphonso alikuwa mmoja wa waasisi wawili wa chama, kisha George H. W. Bush na mwanawe George W. Bush. Mwaka 2004 wagombea wote wawili wakubwa wa urais, Bush mdogo na John Kerry, walikuwa wanachama. Kwa chama kinachochukua wanafunzi 15 tu kwa mwaka, hilo si jambo la kupuuza. Walipoulizwa kwenye televisheni, kila mmoja alilikwepa swali.

Lakini serikali ya siri inahitaji watu wenye nia moja, na hapo ndipo hadithi inapokwama. Tazama vita vya Vietnam. McGeorge Bundy, mshauri wa usalama wa taifa wa Kennedy na Johnson na mmoja wa waliovisukuma vita hivyo, alikuwa Skull and Bones. Kasisi wa Yale William Sloane Coffin, aliyeshtakiwa 1968 kwa kuwasaidia vijana kukataa kuandikishwa jeshini, naye alikuwa Skull and Bones. Katika kesi hiyo hiyo alishtakiwa pia Benjamin Spock, yule daktari maarufu wa watoto, ambaye alikuwa mwanachama wa Scroll and Key, chama kingine cha hapo hapo Yale. Watu waliokula kiapo kimoja walijikuta pande mbili zinazopingana, mmoja serikalini, mwingine mahakamani.

Wapo pia wanaosema Skull and Bones ni tawi la Illuminati, kundi la siri linalodaiwa kuitawala dunia. Jibu ni fupi. Kundi hilo lilianzishwa Bavaria 1776 na Adam Weishaupt, profesa wa sheria, na serikali ya huko ikalipiga marufuku kabla miaka kumi haijatimia. Skull and Bones ilitokana na ugomvi wa wanafunzi kuhusu nani ateuliwe Phi Beta Kappa, jumuiya ya wasomi ambayo yenyewe ilikuwa imetoka kuacha usiri wake, wakati ambapo Wamarekani wengi walikuwa wamewachukia Frimasoni kwa usiri wao.

“Hakuna ajuaye kilichomo ndani”

Jengo lao, linaloitwa Kaburi, lipo High Street mjini New Haven tangu 1856, na kila anayepita njia analiona. Mwaka 1876 wanafunzi wasio wanachama walikata nondo za dirisha la nyuma kwa tupa usiku, wakaingia, wakakagua chumba baada ya chumba, kisha wakachapisha kijitabu kueleza walichokiona: jiko, vyombo vyenye alama ya fuvu, picha za wanachama wa miaka iliyopita ukutani. Kwa miongo mingi majina ya walioteuliwa yalitoka magazetini, New York Times likiwemo.

Kilichobaki kuwa siri ni mazungumzo, na hapo ndipo nguvu yenyewe ilipo. Kwa desturi, wanachama hukutana Alhamisi na Jumapili jioni. Kila mmoja hupewa zamu ya kuwasimulia wenzake 14 maisha yake yote: wazazi, mapenzi, hofu, mambo anayoyaonea haya. Kijana wa miaka 21 akishamwaga moyo wake hivyo, wale 14 hawawi marafiki wa kawaida tena. Wakija kuwa wakuu wa benki, wahariri na maseneta, simu zao atazipokea usiku wa manane.

“Fuvu la Geronimo wanalo, imethibitishwa”

Haijathibitishwa. Geronimo, kiongozi wa Waapache, alifariki 1909 akiwa mfungwa wa vita huko Fort Sill, Oklahoma. Inadaiwa kwamba wanachama waliokuwa jeshini hapo mwaka 1918, Prescott Bush, baba yake George H. W. Bush, akitajwa miongoni mwao, walilichimbua kaburi lake. Mwaka 2006 ilitangazwa barua ya 1918 ambamo mwanachama mmoja anamwandikia mwenzake kwamba fuvu limechukuliwa. Barua hiyo inaonyesha wenyewe waliamini hivyo, lakini haituambii mifupa ni ya nani. Wazao wa Geronimo walifungua kesi 2009, ikatupwa mwaka uliofuata. Kwangu mimi aibu ipo hata kama kaburi halikuguswa: vijana wa familia bora walijivunia kwa maandishi kwamba wameiba mabaki ya mtu ambaye watu wake walikuwa wamenyang'anywa ardhi.

“Ukiingia humo, umeshakuwa mkubwa”

Hapa sababu na matokeo yamegeuzwa. Franklin Roosevelt aliomba kuingia Porcellian, klabu ya Harvard iliyoanzishwa 1791, akakataliwa. Akaishia kuchaguliwa rais mara nne. Naye Taft alikuwa mtoto wa mtu ambaye tayari alikuwa ameshakuwa waziri wa vita na mwanasheria mkuu wa Marekani. Mlango wa Skull and Bones aliukuta wazi kwa sababu milango mingine ilikuwa wazi tayari.

Ila tusiende upande wa pili tukasema uanachama hauna maana. Unafanya kazi, na namna unavyofanya kazi ni kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua: kujuana. Waliotoka Skull and Bones mwaka 1917 walikuwemo Prescott Bush, Roland Harriman na Neil Mallon. Benki ya Brown Brothers Harriman ilipoundwa 1931, Bush na Harriman walikuwa miongoni mwa washirika wake. Mallon akawa mkuu wa Dresser Industries, kampuni ya vifaa vya kuchimbia mafuta. Mwaka 1948, George, mtoto wa Prescott, alipohitimu Yale, Mallon alimpa kazi Texas. Ilikuwa kazi ya chini, karani wa vifaa katika kampuni tanzu huko Odessa, lakini ndiyo iliyomfungulia biashara ya mafuta, na mafuta yakamfungulia siasa. Baadaye George alimpa mmoja wa wanawe jina la Neil Mallon. Hakuna mshumaa wala jeneza, zile ibada za siri zinazosimuliwa, katika habari hii. Kuna rafiki wa baba aliyepokea simu.

“Ni wanaume weupe matajiri peke yao”

Kwa muda mrefu ilikuwa karibu hivyo. Levi Jackson, nahodha wa kwanza mweusi wa timu ya futiboli ya Marekani hapo Yale, alialikwa na Skull and Bones 1949, akakataa, akaenda Berzelius, chama kingine cha Yale. Mwaka 1991 wanafunzi waliokuwa wanamaliza waliamua kuteua wanawake. Wazee wa chama wakabadilisha kufuli za Kaburi. Kundi la wahitimu likiongozwa na mwandishi William F. Buckley lilikwenda mahakamani kuzuia, na mwishowe ikaamuliwa kwa kura za wahitimu: wanawake waingie. Kisa hiki kinafunua mengi. Jengo si la wanafunzi, ni la waliohitimu, na wao ndio wanaoshika funguo.

“Vyote ni kitu kimoja”

Hapana. Bullingdon ya Oxford ni klabu ya kula, kunywa na kuvunja vitu. David Cameron na Boris Johnson, wote waliokuja kuwa mawaziri wakuu wa Uingereza, wapo pamoja katika picha yake ya 1987, wamevaa makoti ya mikia. Apostles wa Cambridge, walioanza 1820, ni watu wa kusomeana makala na kubishana; mwanauchumi John Maynard Keynes na mwanafalsafa Bertrand Russell walitoka humo. Husemwa kwamba Apostles ndio waliozalisha majasusi wa Kisovieti. Guy Burgess na Anthony Blunt walikuwamo kweli, lakini majasusi wenzao Kim Philby na Donald Maclean hawakuwamo.

Na Uingereza, kama unatafuta mlango wa madaraka, klabu ni kidirisha tu. Kuanzia Clement Attlee aliyeingia 1945 hadi Keir Starmer, kila waziri mkuu aliyesoma chuo kikuu alipita Oxford, isipokuwa Gordon Brown aliyesoma Edinburgh. Hilo halijafichwa na mtu.

“Upendeleo unafanyika gizani”

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu upendeleo mkubwa umeandikwa kwenye karatasi za maombi. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani humuuliza mwombaji kama mzazi wake alisoma hapo, na jibu huhesabiwa. Kesi iliyohusu udahili wa Harvard ilianika takwimu za makundi sita ya udahili, yaliyotarajiwa kuhitimu 2014 hadi 2019: watoto wa wahitimu wake walipokelewa kwa takriban asilimia 33, wengine kwa takriban asilimia 6. Wapo kati yao waliosoma shule bora na wana alama nzuri, ni kweli, lakini hilo nalo limenunuliwa kwa fedha ya nyumbani. Mwaka 2023 wachumi watatu, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walionyesha kwamba kwa alama zile zile za mtihani, mtoto wa familia zilizo katika asilimia moja ya juu kwa kipato ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati kuingia vyuo hivyo vya daraja la juu.

Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia rangi ya mwombaji. Kumzingatia mzazi wake hakukuguswa. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliacha utaratibu huo kwa hiari kuanzia 2014, na California ikatunga sheria 2024 kuuzuia hata katika vyuo binafsi. Sheria hiyo ilipotiwa saini, Harvard na Yale zilikuwa bado zinauendeleza.