Kabla ya kukata pingili, pasua muhogo

Batobato, ugonjwa wa virusi wa muhogo, wakulima wengi wanaijua. Majani machanga yanajikunja na kuwa na mabaka ya njano, na mtu hahitaji mtaalamu wa kumwambia asichukue mbegu, yaani pingili za kupanda, kwenye shina hilo. Ugonjwa mwingine wa virusi, michirizi ya kahawia, unatusumbua zaidi. Shamba linaweza kuwa limestawi, majani ya juu kijani kibichi, na siku ya kuvuna ukipasua muhogo unakuta ndani una madoa ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo. Muhogo huo hauliki wala hauuziki.

Dalili za ugonjwa huu huanzia chini, kwenye majani yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa ya jani. Majani hayo ndiyo yanayopukutika mapema, kwa hiyo anayesubiri msimu wa mbegu ndipo akague, amechelewa. Kagua yakiwa bado yapo na ufunge utepe kwenye mashina safi. Ukivuna, kata kila muhogo wa mashina hayo vipande vipande. Doa likionekana hata kwenye muhogo mmoja, usichukue pingili za shina hilo. Virusi vinaweza kujificha hata kwenye shina lisilo na dalili yoyote, na ndiyo sababu mbegu iliyopimwa vinasaba maabara ni bora kila inapopatikana.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki nchini Tanzania, aliueleza mwaka 1936. Pale Amani muhogo ulichanganywa na jamaa yake, mti wa mpira wenye asili ya Brazil, ili kupata mihogo inayostahimili ugonjwa. Zao mojawapo la kazi hiyo lingali mashambani: Pwani ya Kenya wanaliita Kaleso, Tanzania ni Namikonga, na vinasaba vimeonyesha kuwa ni mbegu ileile. Wakulima ndio waliolitunza miaka yote hiyo, wakigawiana pingili, na wanasayansi tunaofanya kazi nalo leo tuna deni kwao.

Nzi weupe hueneza virusi hivi, lakini hawavibebi kwa muda mrefu wala hawafiki navyo mbali. Kutoka wilaya hadi wilaya tunavisafirisha sisi, kwa mizigo ya pingili kwenye pikipiki na malori. Ndani ya kijiji, hata hivyo, nzi huvuka kutoka shamba la jirani kuja kwako. Kwa hiyo ukipata mbegu safi, kubalianeni kitongoji kizima mng'oe masalia ya mihogo yenye ugonjwa kabla ya kupanda.