Utawala nusu wa jeni ni nini?

Mtazame vizuri kuku wa kishingo anayechakura uani kule Pongwe au Muheza. Yupo mwenye shingo tupu kabisa, imeiva wekundu kwa jua. Yupo pia mwenye kishada cha manyoya mbele ya shingo, karibu na kifua. Wote tunawaita kishingo, lakini wa kwanza kairithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, wa pili kaipata upande mmoja tu.

Huo ndio utawala nusu. Jeni tawala ya kawaida hata ikiwa moja humaliza kazi, ya pili haiongezi kitu. Yenye utawala nusu huleta sura moja ikiwa peke yake, na sura nyingine zikiwa mbili.

Wanaopata tabu nayo hasa ni wafugaji wa farasi wa madoadoa. Tanga farasi ni wa kutafuta kwa tochi (penye mbung'o hadumu), basi tuwachukue Appaloosa wa Marekani na Knabstrupper wa Denmark. Madoa yao yanatokana na jeni iitwayo LP. Mwenye LP moja anaweza kuwa mweupe mwenye madoa ya mviringo mwili mzima, mithili ya chui. Mwenye mbili ungedhani atazidi madoa. Wapi! Hupungua, pengine yasionekane kabisa. Weupe wenyewe uenee kiasi gani, hilo huamuliwa na jeni nyingine, hasa PATN1.

Sasa piga hesabu. Ukipandisha wawili wenye LP moja moja, kwa wastani katika watoto wanne wawili watakuwa na LP moja, mmoja hatakuwa nayo, na mmoja atakuwa nazo mbili. Lakini mpandishe mwenye mbili na farasi wa rangi moja asiye na LP: kila mtoto atazaliwa na LP moja, bila kubahatisha. Ndiyo maana mfugaji mjanja anayetaka madoa hununua dume mwenye LP mbili, ambaye mwenyewe hana madoa. Mgeni akiona hivyo atadhani kapigwa.

Weupe huo una gharama. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba LP ni kipande cha ziada kilichojipachika ndani ya jeni ya TRPM1, ambayo jicho nalo huihitaji ili kuona kwenye mwanga hafifu. Kwa hiyo farasi mwenye LP mbili huzaliwa haoni gizani, na hali hiyo haizidi wala haiponi. Mchana hana shida. Ni kumwingiza bandani kabla ya magharibi.