Waziri wa Ulinzi Hana Nyota Begani: Nani ni Nani Pale Wizarani

Kila nikienda kutoa elimu hii, iwe darasani au kwenye mkutano wa kata, swali la kwanza huwa lile lile, eti Waziri wa Ulinzi ana cheo gani jeshini? Hana, na wala hakihitaji. Dk. Hussein Mwinyi kabla hajawa Rais wa Zanzibar alikaa wizara hiyo miaka mingi tu na kwa taaluma yeye ni daktari wa binadamu, Dk. Stergomena Tax alipoteuliwa mwaka 2021 akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo alikuwa ndo kwanza ametoka kwenye ukatibu mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Waziri ni mbunge kama mawaziri wenzake, anapiga suti yake, anasimama bungeni Dodoma anasoma bajeti na anajibu maswali ya wabunge. Hapigi kwata na hapangi doria.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanadhani basi waziri ni pambo, kazi yote anafanya Mkuu wa Majeshi. Hapo ndo watu wanapotea, na mimi naona ni jambo la kulielewa vizuri maana hii wizara inakula kodi yetu na inashika silaha zetu, hatuwezi kuwa hatujui inaendeshwaje.

Jina lake kamili ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Ukitaka kuielewa haraka usianze na magwanda, anza na hotuba ya bajeti. Pale Bunge halipitishi pesa za wizara kwa mkupuo mmoja, linapitisha mafungu matatu. Fungu 57 ni wizara yenyewe, Fungu 38 ni Ngome, yani JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na Fungu 39 ni JKT, hilo Jeshi la Kujenga Taifa. Ukishashika hizo namba tatu umeshashika nusu ya somo, kwa sababu zinakuonyesha kwamba ndani ya jina moja kuna nyumba tatu, kila moja na majukumu yake na vitabu vyake vya hesabu ambavyo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakuja kuvikagua.

Nyumba ya Fungu 57 ni ya kiraia. Bosi wa shughuli za kila siku ni Katibu Mkuu, ndo mtendaji mkuu wa wizara na ndo afisa masuuli, maana yake pesa ikipotea anayeulizwa ni yeye. Chini yake utakuta wachumi, wahasibu, wanasheria, watu wa manunuzi, watu wa utawala, kama wizara yoyote ile ya serikali. Hawa ndo wanaandaa sera, wanasimamia sheria, wanatafuta pesa Hazina, wanashughulika na ardhi ya jeshi na wanaangalia mashirika yaliyo chini ya wizara kama Mzinga kule Morogoro na Nyumbu pale Kibaha. Ukitaka kuajiriwa na kutoa mchango wako kwenye ulinzi bila kuvaa buti, nyumba yako ni hii.

Ngome ni kitu kingine kabisa. Huko juu yupo Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ambaye cheo chake ni jenerali kamili, anayemfuata ni Mnadhimu Mkuu, halafu zinakuja kamandi, ya Nchi Kavu, ya Anga na ya Wanamaji, na lipo Jeshi la Akiba ambalo mtaani tunaliita mgambo. JKT nayo ina mkuu wake na makambi yake kila kona ya nchi, ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, yani ni kongwe kuliko hata JWTZ.

Waziri na Mkuu wa Majeshi, nani mkubwa? Nimeulizwa hili mara nyingi mpaka nimeacha kulijibu kwa neno moja. Njia zao ni mbili na zinakutana kwa mtu mmoja, Rais. Katiba ibara ya 33 inasema Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Waziri ni msaidizi wake kwa upande wa serikali, anabeba sera, anabeba pesa, anabeba majibu kwa wananchi kupitia Bunge. Mkuu wa Majeshi anateuliwa na Rais huyo huyo na anabeba amri, nidhamu, mafunzo na utayari wa vita. Mwenye amri ya vikosi hapitishi bajeti yake mwenyewe, na anayetetea bajeti hasimami mbele ya gwaride kuamuru. Imewekwa hivyo kwa makusudi.

Na makusudi hayo yana historia inayouma. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa mkoloni, pale kambi ya Colito Dar es Salaam, ambayo leo tunaiita Lugalo, waliasi, wakawakamata maafisa wao Waingereza wakidai mishahara na wakidai Waafrika wapewe nafasi za uongozi. Waziri aliyekuwa na dhamana ya ulinzi wakati huo, Oscar Kambona, alikuwa pia ndo waziri wa mambo ya nje, na alienda mwenyewe kuzungumza na waasi wenye bunduki mkononi. Yakaishia kwa Mwalimu Nyerere kuomba msaada wa Uingereza na tarehe 25 Januari makomandoo wao wakaingia Colito, nchi ina miaka miwili tu na kidogo toka uhuru inaokolewa na mkoloni wa jana. Mwalimu alilivunja lile jeshi. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo ikaanzishwa JWTZ, vijana wapya, na Mrisho Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Mimi nikifundisha naanzia hapa kila siku, maana ukijua Colito unajua kwa nini uongozi wa jeshi letu umefungwa kamba kwa Rais na kwa raia namna hii.

Kipindi cha chama kimoja wanajeshi waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 hilo likakatazwa. Ibara ya 147 inasema mwanajeshi haruhusiwi kujiunga na chama chochote cha siasa ila kura yake anapiga kama wewe na mimi, na ibara hiyo hiyo inapiga marufuku mtu au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali tu.

Ibara inayofuata, ya 148, ndo inayompa Rais mamlaka ya kuyaamuru majeshi ndani au nje ya nchi, kwa ulinzi, kwa kuokoa maisha na mali, na kwa shughuli nyingine atakazoona zinahitajika. Hilo neno "nyingine" ni pana sana jamani. Novemba 2018 Rais Magufuli alivyoamuru JWTZ iende kubeba korosho Mtwara na Lindi, wengi walishangaa jeshi na korosho wapi na wapi, lakini mlango upo kwenye katiba, unaweza kuukubali au kuupinga ila upo. Mwaka 2013 vijana wetu walivyoenda Kongo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na waasi, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, amri ilitoka juu hapo hapo. Vita ndo zaidi. Ibara ya 44 inasema Rais akishatangaza hali ya vita anapeleka nakala kwa Spika, na Bunge linatakiwa kuitishwa ndani ya siku 14 kulijadili. Mwaka 1978 wakati wa vita ya Kagera na Uganda ya Idi Amin waziri alikuwa Rashidi Kawawa na mkuu wa majeshi Abdallah Twalipo, lakini sauti tunayoikumbuka wote kutangaza ile vita ni ya Mwalimu.

Kuna vitu watu wanavisukumia wizara hii na havimo. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wako Mambo ya Ndani. Kule Zanzibar KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, ni idara maalum za SMZ, yani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, japo ulinzi wenyewe ni jambo la Muungano na JWTZ ni moja kwa nchi nzima.

Niseme sasa la msaada kwa mwananchi wa kawaida, maana ndo linalonifanya niandike. Kama una mgogoro wa shamba na kambi ya jeshi, usiende kugombana na askari wa getini, yule analinda alichoambiwa alinde, hana mamlaka ya kukulipa. Upimaji, uthamini na fidia ni kazi ya wizara, Fungu 57, kwa hiyo anzia serikali ya kijiji au mtaa na ofisi ya mkuu wa wilaya, ambaye ndo mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, barua yako ipande mpaka kwa Katibu Mkuu na wewe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama una kijana anataka mgambo, wilayani yupo Mshauri wa Mgambo, ni mtu wa JWTZ, muulize yeye mafunzo yanaanza lini. Kama anataka JKT ya kujitolea, nafasi zinatangazwa na JKT wenyewe na zinapita mikoani na wilayani, na aambiwe mapema kabisa kwamba kwenda JKT hakumpi mtu ahadi ya ajira. Na akitokea mtu anakupigia simu anasema yeye ni afisa wa Ngome anaomba hela kidogo ya kusukuma jina, huyo ni tapeli, kata simu, namba yake ipeleke polisi siku hiyo hiyo.