"Ufunguo wa SSH umekataa": ufunguo upi?

Kazi ya otomatiki ikishindwa kuingia kwenye ruta au swichi kwa SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali, utasikia "ufunguo umekataa", na papo hapo mtu anatengeneza jozi mpya ya funguo. Mara nyingi ile ya zamani haikuwa na kasoro yoyote.

Uthibitishaji wenyewe ni mwepesi kueleza. Ufunguo wa siri unabaki kwako, wa umma unawekwa kwenye kifaa. Ukiomba kuingia, programu yako inatia saini kwa ule wa siri, na kifaa kinaihakiki kwa ule wa umma.

Kinachosahaulika ni kwamba kifaa nacho kina jozi yake, na ndicho kinachotangulia kujitambulisha, kabla hata jina lako halijatajwa. Kompyuta yako inalinganisha ufunguo wa umma wa kifaa na uliohifadhiwa kwenye faili la known_hosts. Swichi ikibadilishwa, au ikitengeneza funguo upya, funguo hizo mbili hazitafanana, nawe utasoma "Host key verification failed". Kifaa kigeni kabisa huleta ujumbe huohuo kwenye skripti, kwa kuwa hakuna mtu wa kuulizwa kama akubali. Katika hali zote mbili, ufunguo wako haujafikiwa.

"Permission denied" ni habari nyingine. Kifaa kimekwishakubaliwa, ila wewe ndiye hukutambuliwa. Huenda jina la mtumiaji si lenyewe, au ufunguo wa umma uliwekwa kwenye akaunti nyingine. Sababu inayosumbua zaidi ni kazi kuendeshwa na akaunti ya mfumo isiyo na ufunguo wako wa siri, ilhali ukijaribu kwa mkono unaingia vizuri.

Kuchanganya hayo mawili kuna hatari. Wengi huandika host_key_checking = False, yaani kuzima ukaguzi wa ufunguo wa kifaa, kwenye Ansible (programu ya kuendesha kazi za otomatiki) na kuendelea na kazi. Ujumbe unatoweka kweli, lakini hakuna tena anayehakikisha kwamba kifaa kinachojibu ndicho chenyewe. Anayejifanya swichi yako hataupata ufunguo wako wa siri, ila mipangilio unayoituma ataipokea, pamoja na nywila zilizomo.

Ukiona hitilafu ya kwanza, soma ufunguo mpya wa kifaa kupitia konso (muunganisho wa moja kwa moja na kifaa, usiopitia mtandao), uulinganishe na unaoletwa na mtandao, kisha ufute wa zamani kwa ssh-keygen -R. Ukiona ya pili, endesha ssh -v, inayoonyesha hatua za kuingia moja baada ya nyingine, kwa akaunti ileile inayoendesha kazi.