Kwa nini mche wa dawa hutafutiwa udongo wa chini ya mti mkubwa?

Ukikuta kitalu cha miche kwenye njia ya Muheza kwenda Amani, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, mtazame mwenye kitalu anavyojaza viriba. Samadi, mchanga, kisha karai la udongo mweusi aliouchota chini ya miti mikubwa. Muulize wa nini. "Bila huu mche unadumaa," atakujibu, na anaendelea na kazi. Hakosei.

Udongo ule una kuvu. Siyo fangasi wa miguuni. Hii huingia mzizini ikakaa humo bila kuuumiza mmea. Mjerumani A. B. Frank aliuita ushirika huo maikoriza mwaka 1885. Mwarobaini unao. Mkwinini pia unao, ule wa gome la kutibu malaria, ambao Wajerumani waliupanda Amani walipofungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902.

Mmea unamkaribishia nini mgeni huyu? Fosforasi, kirutubisho cha mmea. Udongo mwekundu wa Usambara una tindikali na umejaa chuma na alumini, vitu vinavyoing'ang'ania fosforasi kama kupe. Hata ile kidogo iliyo huru haitembei: mzizi ukimaliza ya jirani, unashinda na njaa na chakula kipo sentimita chache mbele. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hupenya vijitundu ambamo mzizi haupiti na kuileta. Mmea hulipa kwa sukari na mafuta.

Tena mmea ni bahili. Ukiumwagia mbolea nyingi ya fosfati, unapunguza kumlisha mgeni, na kuvu inapungua mizizini. Jembe nalo, likipita mara kwa mara, hukata nyuzi.

Na dawa yenyewe, inakolea? Wakati mwingine. Katika majaribio ya mmea wa Artemisia annua, baadhi ya kuvu hizi ziliongeza artemisinini, kiini cha dawa mseto ya malaria. Lakini inategemea aina ya kuvu, mmea na udongo, kwa hiyo anayekuuzia kuvu ya kukoleza kila mti anakuchezea.

Turudi kwenye karai. Mwenye kitalu hachimbi shimo. Anakwangua udongo wa juu tu, ule wenye vimizizi vyembamba kama uzi. Havichambui kuvitupa. Ndani ya vimizizi hivyo, ingawa vimekatika, kuvu bado hai, inangoja mzizi mwingine upite karibu.