Ni mwarobaini, au ni mabaki ya bakteria?

Hapa Mombasa mwarobaini una heshima yake, nami siipingi. Ninalopinga ni kuchemsha majani, kuweka maji yake kwenye seli za damu, kuona TNF (protini ambayo seli za kinga hutoa zinaposhtuka) imepanda, kisha kutangaza kwamba jani limeamsha kinga. Huenda kilichoiamsha ni bakteria waliokwisha kufa.

Bakteria wa Gramu hasi, kama E. koli, wamevikwa lipopolisakaraidi, molekuli ya mafuta na sukari iliyo sumu kwetu, kwenye utando wa nje. Protini ya damu iitwayo LBP huichukua, huikabidhi kwa CD14, protini iliyo juu ya monosaiti (aina ya seli nyeupe ya kinga), nayo huipeleka kwa protini MD-2 iliyoshikana na kipokezi TLR4. Hapo ishara hushuka hadi NF-κB, protini inayowasha jeni, kisha jeni za TNF na IL-6 (protini nyingine ya kinga) zikaanza kazi. Mwaka 1998 kundi la mtafiti Bruce Beutler lilionyesha kuwa panya wasioshtuliwa na sumu hii wana kasoro katika jeni ya TLR4.

Monosaiti hushtuka hata kwa nanogramu 0.1 ya lipopolisakaraidi kwa mililita. Kuchemsha humuua bakteria, lakini lipopolisakaraidi hubaki. Hata otoklevu (chombo cha mvuke wenye shinikizo) ya 121°C haiiondoi. Vyombo vya kioo vipewe joto kavu la 250°C kwa dakika 30.

Kupata seli, changanya damu yenye heparini (dawa ya kuzuia kuganda) na PBS (maji ya chumvi ya maabara) nusu kwa nusu, imimine taratibu juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli chenye msongamano wa gramu 1.077 kwa mililita, zungusha kwa 400 g dakika 30, breki imezimwa. Joto letu la pwani hupunguza msongamano wa Ficoll, kwa hiyo Ficoll na mashine ya kuzungushia viwe 20°C kwanza. Nyonya pete nyeupe ya seli iliyo juu ya Ficoll, osha mara mbili, weka seli milioni moja kwa mililita pamoja na seramu asilimia 10. Bila seramu hakuna LBP, na dozi ndogo hazitajibiwa.

Kwenye sahani ya vishimo, andaa vishimo vya seli peke yake, vya lipopolisakaraidi nanogramu 10 kwa mililita, na vya mwarobaini. Kila kundi liwe na pacha wake mwenye antibiotiki polimiksini B mikrogramu 10 kwa mililita. Dawa hii huifunga lipidi A, sehemu ya lipopolisakaraidi inayoshtua seli. TNF ya mwarobaini ikiporomoka mbele yake, mshukiwa ni lipopolisakaraidi. Isiposhuka, usishangilie bado: lipoproteini za bakteria hupitia kipokezi kingine, TLR2, na polimiksini haizizuii.

Seli peke yake zikitoa TNF, tupa sahani nzima, ukague maji na seramu.