Mgongo Unauma, Kumbe Nyonga Ndiyo Imekaza

Mtazame dereva wa lori akishuka kwenye gari baada ya kutoka Malaba hadi Kampala. Anashika kiuno, anajinyoosha polepole, na hatua za kwanza anazipiga ameinama. Fundi cherehani naye hufanya hivyo hivyo jioni, na mwendesha boda vilevile. Wakifika kwetu kwenye fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, wote huonyesha mahali pamoja, chini ya mgongo, na wengi wamekwisha kuchua hapo sana bila nafuu ya kudumu. Wachache hutarajia tuanze kwa kupima mbele ya nyonga.

Nyuma ya matumbo, kila upande wa uti wa mgongo, kuna msuli mrefu uitwao soasi. Umejishikiza kwenye pingili za kiuno, unashuka mbele ya nyonga, kisha unajifunga kwenye mfupa wa paja upande wa ndani. Ndio unaoinua paja ukipanda ngazi. Mtu akikaa, msuli huu unakuwa mfupi. Saa moja si neno. Lakini saa nane au kumi kila siku, mwaka baada ya mwaka, huuzoesha ufupi huo, na mwenyewe akisimama unagoma kurefuka. Kwa kuwa ncha yake ya juu iko mgongoni, unavuta kiuno kibonyee ndani na fupanyonga liiname mbele. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili hubanana, misuli ya mgongo hulemewa, na makalio, ambayo ndiyo yenye nguvu ya kutusimamisha, hubaki yamezembea.

Hata hivyo, asikudanganye mtu kwamba kila maumivu ya mgongo yanatoka hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwa takriban 90% ya wagonjwa wa namna hii hakuna chanzo kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Usingizi mbovu, mawazo, kubeba mizigo, mtetemo wa barabara zenye mashimo, vyote huchangia. Wapo pia wenye nyonga ngumu wasiowahi kuumwa. Nyonga ni mchangiaji mmoja, ila ni ule ambao mtu anaweza kuushughulikia nyumbani bila gharama.

Jipime kwanza. Kaa ukingoni mwa meza imara, ulale chali, ukumbatie goti moja hadi kifuani na kuuacha mguu wa pili uning'inie. Paja la mguu huo likibaki limeinuka juu ya meza, nyonga ya upande huo imekaza.

Kunyoosha kwenyewe ni rahisi, lakini wengi hukosea. Piga goti moja kwenye mkeka, mguu wa pili ukanyage mbele. Kaza kalio la upande uliopiga goti, vuta mkia wa mgongo chini, ndipo usogee mbele kidogo tu mpaka uhisi mvuto kwenye kinena. Wanaojipinda kiuno nyuma ili waonekane wamefika mbali wanaubana mgongo ule ule unaowauma. Tulia sekunde 30, rudia mara tatu kila upande. Kisha lala chali, kunja magoti, inua makalio na uyashushe taratibu, ili nayo yarudi kazini. Mazoezi ya tumbo ya kulala na kuinuka huku mtu amekushikilia miguu yaache kwa sasa, kwani hukaza soasi zaidi. Na wewe wa boda, ukisubiri abiria stejini, shuka utembee. Kulala juu ya pikipiki si kupumzisha nyonga.

Kuna hali ambayo hutakiwi kunyoosha kitu. Kifua kikuu kingali kingi Uganda, na hushika hata uti wa mgongo. Usaha wake huweza kushuka kwa kufuata soasi, mguu ukabaki umekunjika. Ukiona hivyo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, nenda kituo cha afya. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au miguu kulegea ghafla ni hospitali siku hiyo hiyo. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali.